Kutoka Barazani hadi Kiganjani: Historia ya Lugha ya Mwananchi Mbele ya Serikali za Mitaa, kwa Mfano wa Chinongwe

Ikisiri

Makala haya yanajadili historia ya lugha anayoitumia mwananchi wa kijijini anaposema na serikali iliyo karibu naye, kuanzia barua za enzi ya Wajerumani hadi mitandao ya kijamii ya leo. Eneo la Chinongwe, lililowahi kuwa Nachingwea na sasa ni Ruangwa, limechukuliwa kuwa mfano elekezi. Hoja kuu ni kwamba kila chombo kipya kilichoingia kilipanua nafasi ya kuuliza bila kukaza wajibu wa kujibu. Mahali ambapo wajibu huo umewekwa kisheria karibu kabisa na mwananchi ni mkutano mkuu wa kijiji, na hapo ndipo mitandao ya kijamii inaporuka. Makala yanapendekeza kwamba swali lililoulizwa mtandaoni lipewe njia ya kuingia katika muhtasari wa kijiji.

1. Utangulizi

Chinongwe ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, katika nchi ya Wamwera. Kabla ya Ruangwa kuwa wilaya katikati ya miaka ya 1990, eneo hili lilitazama Nachingwea. Kabla ya Mkoa wa Lindi kuundwa mwaka 1971, lilikuwa chini ya Mtwara. Mkazi aliyezaliwa hapo mwaka 1965, hata kama hakuwahi kuhama, ameishi katika mikoa miwili na wilaya mbili. Ofisi ya kupelekea shida ilihama, na shida zenyewe zikabaki palepale: maji, barabara ya masika, dawa za zahanati, salfa ya mikorosho, na bei ya korosho na ufuta.

Mjadala kuhusu mitandao ya kijamii na utawala umeegemea pande mbili. Upande mmoja unaisifu mitandao kwa kumpa sauti mtu ambaye hakuwa nayo. Upande wa pili unaihofia kwa uzushi na matusi. Pande zote mbili zinachukulia kwamba kabla ya simu kulikuwa na kimya. Dhana hiyo haina ukweli. Mwananchi wa kusini amesema na watawala wake kwa Kiswahili kwa zaidi ya karne moja, kwa tanzu zenye kanuni zake, na kanuni hizo hazikufa simu ilipoingia. Zilihamia ndani ya simu.

Makala haya hayanukuu mazungumzo ya makundi sogozi, kwa kuwa hayo ni mali ya wenyewe. Yanachunguza kaida za kiutanzu ambazo kila msomaji wa Kiswahili cha Tanzania anazifahamu, na kuzisoma sambamba na historia ya taasisi zilizozizaa.

2. Baraza, shauri na barua

Msamiati wa serikali za mitaa umejaa kumbukumbu ya mazungumzo. Baraza ni kikalio cha mbele ya nyumba kabla halijawa chombo cha utawala. Ndani ya neno halmashauri mnasikika mashauri. Diwani katika pwani ya Mrima lilikuwa jina la cheo cha mtawala wa mji. Leo ni mwakilishi wa kata na pia ni mkusanyo wa mashairi, kana kwamba lugha yenyewe inakataa kutenganisha utawala na usemi. Maneno yote matatu yanadokeza watu waliokaa pamoja, wanaoonana uso kwa uso, na ambao mmoja wao hawezi kuondoka bila wenzake kutambua kwamba hakujibu.

Ukoloni uliyachukua maneno haya ukayapa kazi nyingine. Mfumo wa maliwali, maakida na majumbe ambao Wajerumani waliurithi pwani na kuusukuma bara ulitegemea barua za Kiswahili, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Mkusanyo wa C. G. Büttner wa mwaka 1892 unaonyesha jinsi utanzu wa barua ulivyokuwa na mpangilio imara: kumtaja mwandikiwa kwa sifa zake, salamu, kisha kiungo cha baada ya salamu, ndipo haja. Aliyekosea mpangilio huo alionekana hana adabu hata kabla haja yake haijasomwa.

Chini ya Waingereza, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyosimamiwa na Gavana Donald Cameron, ilirasimisha baraza la mtawala mwenyeji. Afisa wa wilaya aliitwa Bwana Shauri. Jina hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Shauri lililokuwa tendo la watu wengi kushauriana lilipata bwana wake. Likawa kesi inayopelekwa, inayosikilizwa na kuamuliwa na mtu mmoja. Mzungumzaji akawa mshitaki au mwombaji. Nafasi ya mshauri ilipungua.

Nachingwea ilionja matokeo ya mpangilio huo mapema. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, uliodumu kuanzia mwaka 1947 hadi 1951 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliamuliwa London na kugharimu zaidi ya pauni milioni 30 kabla haujaachwa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilifungwa mwaka 1963. Uamuzi mkubwa kuliko yote uliowahi kufanywa kuhusu ardhi ya eneo hili haukupita katika baraza la wenyeji hata pale ulipobadilisha njia zao na mashamba yao.

Wakati huohuo kulikuwa na lugha nyingine ya mazungumzo. Lyndon Harries, mmisionari wa Masasi ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa kazi yake ya ushairi wa Kiswahili, alichapisha sarufi ya Kimwera mwaka 1950. Kitabu hicho kinatukumbusha kwamba mambo ya kijiji yalizungumzwa kwa Kimwera, na yakageuka Kiswahili yalipopanda ngazi kwenda kwa Bwana Shauri. Kiswahili kilikuwa lugha ya kupandisha jambo. Hali hiyo haijakoma. Mzee anayejieleza kwa Kimwera mkutanoni hana namna rahisi ya kufanya hivyo katika ukurasa wa halmashauri.

3. Gazeti, ngonjera na redio

Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, lilitoa nafasi kwa chombo kingine: barua ya msomaji kwa mhariri. Mtu wa wilaya moja aliweza kusomwa na watu wa wilaya nyingine zote. Hata hivyo mhariri alikuwa mtumishi wa serikali, na barua ilipita mikononi mwake. Kwetu, gazeti la Erica Fiah lililoanza mwaka 1937 mjini Dar es Salaam, lilionyesha kwamba Kiswahili cha gazeti kingeweza pia kukosoa. Katika magazeti yote mawili swali lilichapishwa mbele ya umma, ilhali aliyeulizwa hakulazimika kujitokeza.

Ukurasa wa mashairi ulikuwa jirani wa ukurasa wa barua. Watunzi waliulizana na kujibizana kwa beti, na kanuni ya malumbano ilikuwa kali: aliyeulizwa kwa jina alipaswa kujibu, tena kwa bahari na vina vilevile, la sivyo alihesabiwa ameshindwa. Hii ni kanuni ya kijamii ya kujibu ambayo utawala haukuwa nayo. Katika historia ya fasihi yetu, mshairi aliwajibika kwa msomaji wake kuliko mkuu wa wilaya.

Ngonjera ya Mathias Mnyampala, iliyoshika kasi katika miaka ya 1960 na kusambazwa na UKUTA, iliigeuza kanuni hiyo. Ngonjera ina muulizaji na mjibuji, lakini kwa kawaida inaelekea mahali panapojulikana: asiyeelewa anaelimishwa, anakubali, na wote wanaimba pamoja. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, utanzu huu uliingia shuleni na katika mikutano ya hadhara ukifundisha siasa ya Ujamaa. Hatuudharau. Uliwafikisha wengi jukwaani na kuwapa Kiswahili fasaha cha mambo ya umma. Lakini ulizoesha kizazi kizima kuona swali la mwananchi kama hatua ya kwanza ya kuelimishwa kwake.

Redio ilifuata njia hiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Vikundi hivyo vilichimba vyoo na kusafisha visima, na hayo ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo mada zilitoka studio. Kikundi kilijadili namna ya kutekeleza jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

4. Serikali za mitaa: kuondoka na kurudi

Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya ziliondolewa na kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Mwaka uliofuata, kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa amri. Mikoa ya kusini, iliyopakana na vita vya ukombozi vya Msumbiji, ilikuwa miongoni mwa ile iliyotangulia kuhamishiwa vijijini. Nachingwea yenyewe ilikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikakipa kijiji nafsi ya kisheria.

Kwa hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja mwananchi wa vijijini alikuwa na kijiji na alikuwa na serikali kuu, bila diwani wa halmashauri katikati yao. Njia ya kupandisha jambo ilikuwa chama. Mwito wa wakati huo ulikuwa ndugu, neno lililosawazisha nafsi katika sarufi hata pale ambapo mamlaka hayakuwa sawa. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, ndugu alianza kurudi nyuma na mheshimiwa akashika nafasi yake. Mwito ukapanda ngazi tena.

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ilirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba zinazitaja serikali za mitaa na kueleza kwamba lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kilicho muhimu zaidi kwa hoja yetu ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Sheria inauita chombo kikuu cha maamuzi ya sera ya kijiji, na ndio wenye mamlaka ya kuichagua halmashauri ya kijiji na kuiondoa. Unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Huko mapato na matumizi husomwa, hoja huulizwa, na yanayosemwa huandikwa katika muhtasari.

Muhtasari ni utanzu ambao wanafasihi hawajauthamini. Hauna uzuri wa barua wala mapigo ya shairi. Una kitu ambacho tanzu nyingine zote tulizozitaja hazina: kipengele cha yatokanayo. Swali lililoandikwa katika kikao cha Machi linarudi Juni likiwa bado linadai jibu, hata kama aliyeuliza yuko shambani. Mikutano hiyo mara nyingi haiitishwi kwa wakati, na mihtasari mingine huandikwa vibaya au haiandikwi. Lakini kutofanyika kwake ni kosa linaloweza kutajwa kwa jina na kwa kifungu cha sheria. Kutojibiwa kwa chapisho la mtandaoni si kosa la mtu yeyote.

5. Mitandao ya kijamii inaingia

JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, ilikuwa shule ya kwanza ya mjadala wa umma wa Kiswahili mtandaoni. Facebook, WhatsApp na Instagram ziliufikisha mjadala huo kwa watu wa kawaida katika muongo uliofuata. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa nchini kwa muundo mmoja, Ruangwa ikiwamo, na halmashauri nyingi zikaongeza kurasa za mitandao ya kijamii. Lugha ya kurasa hizo kwa sehemu kubwa ni lugha ya taarifa: kiongozi fulani ametembelea, amekagua, ameagiza, amewataka wananchi. Mwananchi ni yambwa ya sentensi.

Upande wa sheria ulikaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizopitiwa upya mwaka 2020, zilimfanya msemaji apime kila neno. Mwezi Oktoba 2020, na tena Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, upatikanaji wa mitandao ulibanwa nchi nzima. Chombo ambacho swichi yake iko mbali na kijiji hakiwezi kuwa nguzo pekee ya mazungumzo ya kijiji. Mwembe wa mkutano hauzimwi kutoka mbali.

Kusini ilikwisha kuonyesha lugha ya aina nyingine. Katika mgogoro wa gesi wa Mtwara wa mwishoni mwa mwaka 2012 na mwaka 2013, kaulimbiu iliyosikika kila mahali ilikuwa gesi haitoki. Tazama sarufi yake: wakati uliopo, kanushi, bila ombi, bila mwito wa heshima, bila nafsi ya msemaji. Ni tamko. Mgogoro uliisha kwa vurugu, vifo na wanajeshi mitaani. Somo ambalo wengi walilibeba ni kwamba tamko ni hatari na ombi ni salama. Lakini kati ya tamko na ombi kuna umbo la tatu, nalo ni hoja. Tatizo la kihistoria ni kwamba hoja haikupata chombo chake.

6. Sarufi ya ombi

Chapisho la kawaida la mwananchi anayeieleza serikali shida ya kijiji lina umbo linalotabirika. Linaanza na pole na majukumu. Linamtaja mheshimiwa. Linaeleza mahali kwa huku kwetu. Linaeleza shida kwa kauli ya kutendwa: barabara haijatengenezwa, dawa hazijaletwa, fedha zimeliwa. Linafunga kwa dhamira tegemezi: tunaiomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma, itusaidie, itukumbuke.

Kila kipengele kina asili. Pole na majukumu ni salamu ya barua ya kale iliyofupishwa. Huku kwetu hutumia kionyeshi cha ku-, chenye mahali pasipo na mipaka dhahiri, badala ya pa- ya hapa. Msemaji anajiweka pembeni mwa nchi hata anapozungumzia kijiji chake mwenyewe. Kauli ya kutendwa humlinda msemaji, maana hamtaji mtenda, lakini humlinda na mtenda pia. Na jicho la huruma hugeuza haki kuwa fadhila. Dawa za zahanati zimo katika bajeti iliyopitishwa na madiwani. Anayeziomba kwa huruma ameacha mlangoni hoja yake bora kabisa.

Kipengele cha mwisho ni mwelekeo. Ombi hupanda. Mwandikiwa wake mara chache huwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata au diwani. Huwa ni waziri au Rais, anayeitwa baba au mama kwa desturi yetu ya kuufanya utawala kuwa ukoo. Jimbo la Ruangwa lilikuwa na mazingira ya pekee katika jambo hili. Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wake kuanzia mwaka 2010 hadi 2025, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 kwa takriban miaka kumi. Ni nani, mwenye simu mkononi, angemwandikia mtendaji wa kijiji ikiwa mbunge wake alikuwa Waziri Mkuu? Mantiki ya mwombaji haina kosa. Lakini kila ombi linaloruka ngazi na kujibiwa kwa agizo kutoka juu linawafundisha wote, mwananchi na mtendaji, kwamba ngazi ya kijiji haina kazi. Kisha mbunge hubadilika, cheo huhamia jimbo lingine, na kijiji hubaki na ngazi ambayo hakikuizoea.

7. Mrejesho: neno lililogeuka

Historia hii yote inaonekana katika neno moja. Mrejesho, kutokana na rejesha, lilienea katika lugha ya mipango ya maendeleo kwa maana ya taarifa anayorudi nayo kiongozi kwa waliomtuma. Diwani akitoka katika kikao cha baraza la madiwani hutoa mrejesho katani. Deni liko kwa kiongozi: amebeba jambo la watu, sharti alirudishe.

Serikali sasa ina mfumo wa kidijitali uitwao e-Mrejesho, uliojengwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambao mwananchi huutumia kutuma malalamiko, maulizo, mapendekezo na pongezi kwa taasisi za umma. Ni hatua njema. Tofauti na chapisho la Facebook, jambo lililotumwa humo lina njia ya kufuatiliwa. Hata hivyo jina lake linaonyesha mgeuko. Anayetoa mrejesho sasa ni mwananchi, na anayepokea ni serikali. Maana zote mbili zinaishi pamoja katika Kiswahili cha leo, lakini ile ya pili inakua, na inapokua deni linahama kimyakimya kutoka kwa kiongozi kwenda kwa raia.

Sheria inajua namna ya kurudisha deni mahali pake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na inamtaka mwenye taarifa kujibu ndani ya siku 30. Kitenzi ni kuomba, lakini nyuma yake kuna wajibu na muda. Hilo ndilo ombi lenye meno ambalo chapisho la mtandaoni halijalipata.

8. Hitimisho

Kutoka barua ya akida hadi kundi sogozi la kijiji, idadi ya wanaoweza kuuliza imeongezeka kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitazamia. Ongezeko hilo ni jema, hasa kwa vijana na kwa wanawake ambao mara nyingi mkutanoni hukaa nyuma na kunyamaza. Kilichobaki nyuma ni zamu ya kujibu. Gazeti liliiacha kwa hiari ya mkubwa, ngonjera iliigeuza elimu, redio iliiweka studio, na mitandao ya kijamii imeiacha wazi kabisa.

Mapendekezo yetu ni mawili. Kwanza, kijiji chenye kundi sogozi kimteue mtu wa kukusanya maswali yaliyoulizwa humo na kuyasoma katika mkutano mkuu, ili yaandikwe katika muhtasari na kurudi kama yatokanayo hadi yajibiwe. Jambo hili halihitaji sheria mpya wala fedha. Linahitaji daftari, na mtu wa kutafsiri kutoka Kimwera pale inapolazimu. Pili, walimu wa Kiswahili wa shule na vyuo wafundishe uandishi wa hoja kwa serikali za mitaa kama utanzu kamili: kutaja mahali kwa jina, kumtaja mwenye dhamana kwa cheo, kutaja bajeti au kifungu, na kuuliza swali lenye tarehe. Tumewafundisha wanafunzi barua ya kuomba kazi kwa miongo mingi. Barua ya kudai jibu inastahili nafasi hiyohiyo.

Katika malumbano ya washairi, aliyeulizwa kwa jina akanyamaza alihesabiwa ameshindwa, na kila msomaji alijua. Utamaduni wetu una kanuni hiyo tayari. Kilichobaki ni kuivusha kutoka ukurasa wa mashairi hadi ofisi ya mtendaji.